MFUKO WA KUSAIDIANA: TUCHAGUE WA AINA GANI?

(Maneno aliyoyasema Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shamba siku ile, na kwa wale waliokuwepo lakini mvua juu ya bati iliwazuia kusikia.)



Mkutano uliopita tulikubaliana kuanzisha mfuko wa hisani wa kijiji chetu. Hilo limekwisha. Lililobaki ni hili: uwe mfuko wa aina gani? Wengine walisema, "Mfuko ni mfuko bwana, tuchange kwanza, mengine baadaye." Hapana jamani. Fedha ikitangulia masharti, ugomvi huja nayo. Masharti yaandikwe kabla ya shilingi ya kwanza.

Fedha yenyewe itatoka pande mbili. Kwanza sisi wenyewe, shilingi chache kwa kila kilo ya korosho. Najua neno makato linawachefua watu, na wanayo sababu. Kwa hiyo kiasi kitapitishwa na mkutano, kitaandikwa kwenye muhtasari, na kila mkulima atakiona kwenye malipo yake. Pili ni watoto wetu walioko Dar es Salaam na kwingineko. Mmoja wao ameahidi fungu zuri. Lakini ana sharti: fedha isomeshe watoto wa ukoo wake, na wa kuchagua awe yeye. Hapo ndipo penye kazi.

Swali la kwanza ni je, fedha tuitumie yote au tuweke mtaji usioguswa? Sisi watu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Wazee walijua wakf. Mtu anatoa shamba la minazi au nyumba, mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, ila mapato yake yanakwenda msikitini, kwa mafukara, au kwa kizazi chake. Zanzibar mpaka leo ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Kenya nako liko shirika liitwalo Kenya Community Development Foundation, lililoanza mwaka 1997. Moja ya kazi zake ni kuvisaidia vikundi vya wananchi kujenga mtaji wao: fedha inawekezwa, na mapato yanafanya kazi za jamii. Mnazi unabaki, nazi zinaliwa.

Sasa tupige hesabu, ni ya mfano tu. Tuseme tumeuza kilo 100,000, kila kilo imetoa shilingi 20. Hiyo ni shilingi 2,000,000. Tukitumia yote tutanunua madawati ya kutosha, na mwakani tunaanza sifuri. Tukiweka mahali panapotoa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, tutapata shilingi 200,000. Mama mmoja aliniuliza pale pale, "Katibu, shilingi laki mbili ni sare za watoto wangapi?" Ni wachache, ndiyo. Mfuko wa kudumu mwanzoni huwa mdogo na unaudhi. Tena kuna jambo wengi hawalifikirii: bei zinapanda. Faida yote ikiliwa kila mwaka, ile milioni mbili itabaki milioni mbili kwenye daftari, lakini baada ya miaka 10 haitanunua kile inachonunua leo. Lazima sehemu ya faida irudi kwenye mtaji. Na fedha iliyofungiwa sandukuni kwa mhazini haizai kitu, hata mhazini awe mwaminifu namna gani. Zipo hatifungani za Serikali, ipo mifuko ya UTT kama ule wa Umoja ulioanza mwaka 2005. Tutamwita afisa ushirika atueleze kipi sheria inaturuhusu.

Maoni yangu ni tugawe. Michango yetu ya korosho nusu itumike mwaka huo huo, nusu iwe mtaji. Watu wanaochanga wanataka kuona kitu, na kama hawakioni mwaka wa tatu hawachangi.

Swali la pili ndilo gumu. Fedha ifungwe kiasi gani?

Unaweza kuiacha wazi kabisa: kamati itumie kwa shida yoyote itakayotokea, ukame, mgonjwa, paa la darasa lililoezuliwa. Hiyo ina nafuu yake, lakini inataka kamati yenye watu wa kuaminika mno, maana shida za kijiji hazihesabiki na kila mwenye shida ana ndugu kwenye kamati. Au unaweza kuifunga kwa jambo moja pana, mathalani elimu ya watoto wa kijiji hiki, bila kutaja shule wala mtoto. Au kuifunga kabisa kwa mlengwa mmoja: shule ile, zahanati ile. Mwaka 2019 hapa Kisarawe ilifanyika kampeni ya Tokomeza Ziro, watu wakachangia ujenzi wa shule ya wasichana. Kwa kazi ya kujenga, mlengwa mmoja unafaa sana. Mchangaji anajua fedha inakwenda wapi, na jengo linaonekana kwa macho.

Lakini mlengwa mmoja kwa miaka mingi ni jambo lingine. Nawapeni mfano msioweza kuubisha. Tungekuwa mwaka 2010 tumeanzisha mfuko na kuandika: "Fedha hii ni ya ada ya sekondari tu." Mwaka 2016 Serikali ikaondoa ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na sita. Fedha ingekuwepo, kazi yake haipo. Na mtoto wa jirani angekuwa anakosa daftari, viatu na nauli huku mhazini akisema, "Siwezi, imeandikwa ada."

Jambo hili liliwasumbua hata mataifa makubwa. Huko Cleveland, Marekani, mkuu wa benki mmoja aliyeitwa Frederick Goff aliona fedha nyingi za wosia zimekwama. Marehemu walikuwa wameandika matumizi yaliyokwisha kupitwa na wakati, na wao hawapo tena waulizwe. Mwaka 1914 akaanzisha mfuko wa jamii wa mji ule, na ndio uliokuwa wa kwanza wa namna hiyo. Kamati ya raia ikapewa uwezo wa kubadili matumizi pale yale ya zamani yanapokuwa hayana maana tena. Maiti aheshimiwe, lakini asiendelee kushika kamba ya mbuzi walio hai.

Basi mimi nasema mfuko wetu uwe wa elimu na afya ya watoto wa kijiji hiki, uishie hapo, usitaje zaidi. Na katiba yake iseme kwamba mkutano mkuu, kwa kura za theluthi mbili, unaweza kubadili matumizi. Kamati peke yake isiweze.

Turudi kwa kijana wetu na sharti lake. Kuna aina ya mfuko ambamo mtoaji anabaki na sauti: anashauri, kamati inaamua. Hiyo tumpe kwa moyo mmoja. Aseme, "Naomba mwaka huu muwafikirie watoto yatima," nasi tumsikilize. Lakini kuchagua mtoto kwa jina, tena wa ukoo wake tu, hilo si fungu la kijiji. Akitaka kusomesha wapwa zake awatumie fedha kwa simu, ni jambo jema na halihitaji kamati yetu. Wapo watakaosema tutampoteza. Huenda. Hata hivyo afadhali kukosa fungu moja kuliko wanachama wote kuona korosho zao zinachanganywa na fedha ya ukoo mmoja.

Tukumbuke pia kwamba mfadhili ana siku ya kuondoka. Shirika la Elimu Kibaha, majirani zetu, lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mwaka 1970 likakabidhiwa kwa Serikali yetu. Shule ipo mpaka leo, lakini baada ya makabidhiano mzigo wa kuliendesha ulikuwa wetu. Kwa hiyo fedha ya mtoaji mkubwa tusiitegemee kwa matumizi ya kila mwaka. Iingie kwenye mtaji.

La mwisho linanihusu mimi. Mimi ni katibu wa chama, na nisingependa kuwa kwenye kamati ya mfuko huu. Uchaguzi ukifika nitakuwa kwenye kampeni, na fedha ya watoto isikae karibu na kampeni. Mfuko uwe na akaunti yake benki, mbali na ya ushirika na mbali na ya chama, watia saini watatu, angalau mmoja mwanamke. Wadhamini wasajiliwe RITA ili hata sisi tukifa mali iwe na mwenyewe. Hesabu zibandikwe ubaoni hapa kila baada ya miezi mitatu, kwa mwandiko unaosomeka. Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, mimi nikiwemo. Hatukujifunza ili tusomewe.

Kura ni Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, penye ghala. Rasimu ya katiba iko kwa katibu muhtasi wa ushirika, kurasa nne. Asiyeweza kusoma aje Alhamisi jioni, tutaisoma kwa sauti mpaka mwisho, na maswali yataandikwa.