AKINA MAMA NA KALAMU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa akina mama wa tawi, baada ya kumalizika shughuli za siku. Twaichapa kama ilivyosomwa.)

Ndugu Mwenyekiti, akina mama wenzetu, na ninyi akina baba mlioketi huko nyuma karibu na mlango:

Sisi tuliosimama mbele yenu tu wanawake saba. Sote tuna watoto, na sote twaandika hadithi. Watano wetu wana waume, mmoja ni mjane, na mmoja analea peke yake. Hatukuja kujisifu, maana hata leo kitabu chenye jina la mmoja wetu hakijapata kuonekana dukani. Tumekuja kwa sababu katika mkutano uliopita lilisemwa neno, nalo likapigiwa makofi, ya kwamba mwanamke mwenye watoto wadogo akishika kalamu huwa anawaibia watoto wake, na kwamba hadithi zingoje mpaka watoto wakue. Twaomba ruhusa tulijibu neno hilo. Tutalijibu kwa adabu, kwani aliyelisema ni mkubwa wetu na twampenda.

Kwanza twakiri lililo kweli. Wakati wa kuandika haushuki kutoka mbinguni; hukatwa mahali. Mmoja wetu hupika vitumbua vya kuuza. Huamka saa kumi za alfajiri, akawasha jiko, na katika ile nafasi ya kungoja mkaa ushike huandika mistari minane au kumi katika daftari la hesabu la mtoto. Siku moja mtu katika hadithi yake alikuwa karibu kufa, naye hakutaka kumwacha katika hali ile, basi vitumbua vya kikaango kizima vikaungua. (Msicheke sana.) Asubuhi hiyo watoto walikwenda shule kwa miguu kwa kuwa nauli ilikuwa katika vitumbua vile. Hatuwezi kusema kwamba si kitu.

Mwingine alikuwa akiandika katika simu usiku, akimnyonyesha mtoto. Alifika mbali, hadithi ndefu, karibu imalizike. Mtoto wake wa miaka mitatu akaichukua simu kuchezea, na yote yakafutika. Mwenzetu aliingia jikoni akalia. Mumewe akaja mbio akauliza nani amefariki. Aliona haya kujibu, akasema ni moshi.

Basi tukiulizwa, je, si afadhali kungoja? Jibu letu ni kwamba wako waliongoja, na twajua yaliyowapata.

Huko Senegal alikuwako mwalimu wa shule, Mariama Bâ, aliyezaliwa mwaka 1929. Alilea watoto tisa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1979, umri wake umefika miaka 50. Ni kile ambacho kwa Kiswahili kimeitwa Barua Ndefu Kama Hii. Mwaka 1980 kilipata tuzo ya Noma, nayo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwaka 1981 akafariki. Hadithi yake ya pili ilitoka yeye hayupo. Miaka miwili tu, ndugu zangu, kati ya kitabu cha kwanza na kaburi! Wangapi wamepita njia hiyo hiyo bila hata hiyo miaka miwili?

Na tukitazame kitabu chenyewe, maana kina jambo ambalo mama wa pwani atalitambua upesi kuliko mtaalamu. Ni barua ya mjane kwa shoga yake. Jina lake ni Ramatoulaye, ana watoto kumi na wawili, na mumewe, ambaye alikuwa amemwolea juu yake msichana rafiki wa binti yao, amekufa. Sasa amekaa eda. Na ni katika eda ile ndipo anapoandika. Fikirini maana yake. Mwanamke huyo amesoma, ana kazi, ana akili ya kutosha kuandika vitabu kumi. Lakini nafasi ya kukaa peke yake na karatasi anaipata siku alizoamriwa asitoke kwa sababu mume amekufa. Ilibidi afe mtu ndipo mama apate meza.

Wala tusidhani hayo ni ya Senegal tu. Kwetu hapa pwani jina la kwanza la mwanamke mwandishi ambalo kila aliyepita chuoni analijua ni Mwana Kupona binti Msham, aliyezaliwa Pate. Yeye hakuandika hadithi, alitunga utenzi, mwaka 1858, kwa ajili ya binti yake. Aliutunga akiwa mgonjwa, naye hakuishi sana baada ya hapo. Yaliyomo katika utenzi ule kuhusu mke na mume twaweza kubishana mpaka magharibi, na katika kikundi chetu tumebishana kweli. Lakini neno moja hatukubishana: kwamba mama huyo alipata nafasi ya kumwachia binti yake maneno alipokuwa hawezi tena kufanya kazi nyingine. Mmoja akiwa mgonjwa, mwingine akiwa katika eda. Je, ndiyo masharti hayo? Tungoje maradhi au msiba?

Sasa tuwataje wasiongoja. Buchi Emecheta wa Nigeria aliolewa akiwa na miaka 16, akamfuata mumewe London mwaka 1962. Alipofika miaka 22 alikuwa na watoto watano. Aliandika hadithi, akampa mumewe aisome. Mume akaichoma moto. Twasema tena kwa wale walioko nyuma: akaichoma moto. Mama huyo akaondoka na watoto wake, akafanya kazi, akasoma shahada ya elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha London, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1972. Ile hadithi iliyoungua aliiandika upya, ikatoka mwaka 1976, nayo ndiyo The Bride Price. Kitabu kingine, cha mwaka 1974, alikitabaruku kwa watoto wake watano, akisema kwamba bila kelele zao kisingaliandikwa. Watu hudhani huo ni mzaha wa mama. Sisi twaona ni kweli. Mtu aliyezoea kuandika nyumba ikiwa kimya hajui namna sauti ya mtoto anayegombea kijiko inavyoingia katika sentensi ikaipa uhai.

Lakini si kila mama yuko hivyo. Toni Morrison wa Marekani, ambaye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1993, aliwalea wana wawili baada ya kuachana na mumewe, huku akifanya kazi ya uhariri New York. Yeye alisema kwamba alianza kuamka kabla ya alfajiri kwa kuwa ni lazima aandike kabla watoto hawajamwita mama. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1970, akiwa na miaka 39. Basi mmoja alizihitaji kelele, na mwingine alizikimbia. Sisi tuko saba na hatujakubaliana.

Twaona akina baba wengine wanatazamana kwa ajili ya ile karatasi iliyochomwa. Msiogope, hatukuja kuwatungia wimbo. Wako miongoni mwenu waliotununulia madaftari. Yuko mmoja ambaye kila Jumapili huwaogesha watoto wote wanne na kuwapeleka kutazama mpira, na jirani wanamcheka, naye hajali. Kinachotuudhi zaidi ni kicheko, si moto. Mama akisema anakwenda kusuka ukili, hakuna anayemwuliza anapata nini. Akisema anakwenda kuandika, ataulizwa amelipwa kiasi gani.

Liko jambo jingine zito zaidi kuliko wakati, nalo hatukulisikia katika mkutano uliopita, ingawa twadhani ndilo lililokuwa moyoni mwa wengi. Ni sitara. Mama akiandika hadithi huandika nini ila yale ayajuayo? Na ayajuayo ni ya nyumba. Kitabu kile cha Emecheta cha mwaka 1974 ni maisha yake mwenyewe, amebadili majina tu. Kwetu mtu akitoa ya ndani nje hana pa kukaa.

Hili limetupata. Mwenzetu mmoja aliandika hadithi ya ajuza anayehesabu vipande vya nyama ndani ya chungu kabla chakula hakijapakuliwa. Tulipoisoma kikundini tulicheka mpaka machozi. Mtoto wake wa kike akaliona daftari, akamsomea bibi yake, akidhani anamfurahisha. Mavyaa hakusema neno. Siku tatu hakusema neno, chakula anakula, salamu anajibu, basi. Mwenzetu alitaka kulichoma daftari kwa mkono wake mwenyewe, hata tulimnyang'anya. Siku ya nne mavyaa akamwita, akamwambia: "Mwanangu, mimi sihesabu nyama. Nahesabu watu. Katika nyumba niliyolelewa, aliyechelewa alikuta chungu kitupu, na aliyechelewa alikuwa mimi."

Mwenzetu aliondoka pale akaiandika hadithi upya tangu mwanzo. Ile ya kwanza ilikuwa inachekesha. Hii ya pili, tulipoisoma, hakuna aliyecheka, na mmoja wetu alitoka nje akampigia mama yake simu. Wala hangaliiandika kama angalingoja watoto wakue, kwa maana mavyaa ni mtu mzima wa miaka themanini na kitu.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, tunaloomba ni dogo. Chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi hukaa kimefungwa siku za Jumamosi baada ya alasiri. Twaomba tupewe ufunguo kwa saa mbili. Tutafagia wenyewe, mikeka tutaleta, na taa tutazima tukiondoka. Mama yeyote mwenye hadithi aje nayo, iwe imeandikwa kwa kalamu, au katika simu, au ingali kichwani, tutamwandikia. Watoto waje pia; watakaa ukumbini, na kila Jumamosi mmoja wetu atawaangalia kwa zamu badala ya kuandika.

Jumamosi ya kwanza itasomwa hadithi ya chungu. Mavyaa amesema atahudhuria, na amesema zamu ya watoto siku hiyo apewe yeye.