Umesoma kwa Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, tunausiana kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuilinda dini yake isisemewe na asiyeijua.

Amepokea Jabir (R.A.), na Abu Daud ameiweka katika kitabu chake, habari ya Sahaba waliokuwa safarini. Mmoja wao alipigwa na jiwe, likampasua kichwa. Kisha akaota usingizini, ikampasa kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alisema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Tuzingatie, ndugu zetu. Watu wale hawakuwa waovu. Walitaka kuhifadhi tohara ya mwenzao. Lakini nia njema haikushika mahali pa elimu, na roho ya mtu ikapotea. Leo je? Mume ametamka talaka kwa hasira, anakwenda kwa mtu aliyesoma vijitabu viwili, anajibiwa papo hapo. Mke anatolewa nyumbani kwa haki au bila ya haki, au anaolewa na mwingine ilhali eda yake haijesha. Mirathi inagawanywa kwa kukisia, na yatima anadhulumiwa kwa jina la dini. Ni nani atakayelibeba jukumu hilo Siku ya Kiyama?

Kwa ajili hiyo wanavyuoni waliotutangulia waliweka ijaza. Mwanafunzi hukisoma kitabu mbele ya sheikh wake tangu mwanzo hadi mwisho, hukosolewa, huulizwa, kisha sheikh akiridhika humpa idhini ya kukifundisha. Na sheikh huyo naye alikipokea kwa sheikh wake, mkono kwa mkono, mpaka kwa mwenye kukitunga. Huo ndio mnyororo tunaouita sanadi.

Imepokewa kwamba Imam Malik wa Madina hakukaa kutoa fatwa mpaka wanavyuoni sabini waliposhuhudia kuwa anastahiki. Imam Shafii, ambaye wengi wetu katika pwani hii tunafuata madhehebu yake, alipewa idhini ya kutoa fatwa na sheikh wake Muslim bin Khalid wa Makka. Naye alikwenda Madina akamsomea Imam Malik kitabu cha Muwatta.

Na hapa kwetu tunao mfano wa Sayyid Ahmad bin Sumeit (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija. Katika miaka ya 1880 alikwisha kuwa kadhi Unguja, watu wakimwamkia na kumtii. Juu ya hayo aliuacha ukadhi, akasafiri mpaka Istanbul akasome zaidi kwa Sayyid Fadhl bin Alawi. Kisha akarejea Unguja, akahukumu na kusomesha. Ikiwa kadhi hakuona haya kurudi kuwa mwanafunzi, sisi tunaona haya ya nini?

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Mwalimu wa chuo aliyesomeshwa vyema, anayewafundisha watoto herufi na Sura fupi, hatumwambii afunge chuo chake. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufikisha kutoka kwake walau aya moja. Lakini kufikisha ulichokihifadhi ni jambo moja, na kutoa hukumu ni jambo jingine. Vile vile mwenye ijaza ya tajwidi asijitose katika mirathi. Idhini ni ya kile alichokisoma. Wala karatasi peke yake haitoshi, ikiwa mwenyewe hana uchaji Mungu.

Basi, enyi wazazi, kabla ya kumpeleka mtoto kwa mwalimu, ulizeni kwa adabu: Sheikh, umesoma kwa nani, na umesoma nini? Swali hili si utovu wa heshima. Mwenye elimu hufurahi kuwataja masheikh zake. Na sauti inayotujia kwa redio, kanda au simu, tusiipe dini yetu kwa utamu wake tu, mpaka tumjue msemaji. Nawe unayefundisha, ukiulizwa usilolijua, sema: Sijui. Neno hilo Imam Malik alilisema mara nyingi, na halikumpunguzia daraja.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba elimu haitanyakuliwa vifuani mwa watu, bali itaondoka kwa kufa wanavyuoni, hata watu wawafanye wajinga kuwa viongozi, wapotee na wapoteze. Basi tuwapeleke vijana wetu wakasome ilhali masheikh wangali hai, na tuwasaidie masheikh hao kwa mali zetu.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, na utukinge na kusema juu yako tusiyoyajua. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Amin.