DAWA YA MBU NA MAJI YA VISIMA

(Maandishi ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya masheha, watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya dawa inayopigwa majumbani kwa ajili ya kupambana na mbu wa malaria. Faida yake si jambo la kubishaniwa. Kazi kubwa ya kwanza ya kupiga dawa katika visiwa vyetu ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, na malaria ikapungua sana. Kazi hiyo ilipositishwa mwaka 1968, ugonjwa ulirejea. Miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 2006, upigaji dawa ulipokwenda sambamba na vyandarua na dawa mpya za kutibu, kiwango cha wenye vimelea kilishuka chini ya asilimia 1. Kwa hiyo asitokee mtu akasema nimekuja kuwatia watu hofu wafunge milango siku ya kupigwa dawa. Ninalotaka kulisema ni hili: dawa hiyo hiyo ni sumu, na sumu haiishi kazi pale mpigaji anapotoka nyumbani mwako.

Wazee wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanaujua utupa. Majani machache yaliyopondwa na kutiwa katika dimbwi la miambani hulevya samaki wote, wakubwa na wachanga, na ndiyo maana uvuvi huo ulikatazwa. Dawa za jamii ya pairethroidi, kama lamda-sihalothrini iliyotumika hapa mwaka 2006, hazimdhuru sana mwanadamu zikipigwa ukutani kwa kipimo, lakini kwa samaki, kamba na nyuki ni sumu kali mno kuliko utupa. Kiasi kidogo kikiingia katika kijito kinachoshuka mikokoni huua viumbe ambavyo mvuvi anavitegemea.

Na nchi yetu ina umbile lake. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wa mashariki na kusini, imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Mvua ikinyesha maji hayakawii juu ya ardhi. Huzama, na ndiyo hayo tunayoyateka visimani. Kilichomwagwa uani leo hakina safari ndefu. Bahari mtu anaweza kudhani ni kubwa, itachukua kila kitu. Kisima hakina ukubwa huo, na kikishaharibika hakuna chombo cha kukisafishia.

Kwa sababu hiyo jambo la kuangaliwa zaidi ni maji ya kuoshea mabomba. Kila jioni mabomba ya mgongoni lazima yaoshwe. Utaratibu uliowekwa ni wa mapipa yaliyopangwa mstari, moja lina maji na linalofuata ni tupu, mpaka mwisho. Bomba huoshwa pipa kwa pipa, na maji yenye dawa hukusanywa katika yale matupu ili yatumike kuchanganyia dawa ya kesho yake. Ni utaratibu mzuri kwa kuwa hautupi kitu. Maji ya kufulia nguo za wapigaji na ya kuogea hupelekwa katika shimo lililotandikwa mawe, kokoto, mkaa na unga wa mbao, ambavyo hushika sumu isiteremke. Shimo hilo huchimbwa mbali na visima na mikondo ya maji, na huzungushiwa uzio ili watoto na mbuzi wasifike. Mpigaji dawa haruhusiwi kwenda na nguo zake za kazi nyumbani. Mkewe atakayezifua katika beseni moja na nepi za mtoto hakupewa glavu wala mafunzo.

Sasa niseme la pili, ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Pakiti ya dawa ina thamani mitaani. Mkulima wa tungule akiambiwa kuwa ipo dawa ya Serikali inayoua kila mdudu, ataitafuta, na ikiwa mtunza ghala hana daftari linaloaminika, ataipata. Hasara yake ni mara mbili. Mboga zitafika sokoni na sumu isiyopimwa kwa ajili ya chakula. Na mbu wanaozaliwa katika maji ya makonde watakutana na sumu hiyo hafifu kila siku, wale wastahamilivu wabaki, na wazazi wao wawe hao. Katika miaka ya 1980 DDT ilipigwa tena hapa, lakini mbu walikwisha kuwa sugu na kazi haikuleta matunda yaliyotarajiwa. Pairethroidi nazo zilipata usugu huo miaka michache tu baada ya 2006, ikalazimika kuhamia bendiokabi na baadaye pirimifosi-methili, dawa ghali zaidi, ambazo mpigaji asipojikinga humdhuru mishipa ya fahamu. Chanzo cha usugu si wizi peke yake. Hata hivyo kila pakiti inayotoroshwa huongeza sababu moja, na dawa za kubadilishia hazina wingi wa kuchezewa.

Dawa iliyosahauliwa nayo ni hatari. Huko Tanzania Bara, Vikuge karibu na Kibaha, shehena ya viua wadudu iliyoletwa kwa msaada mwaka 1986 iliachwa ghalani, na ghala likabomoka. Wataalamu waliopima baadaye, hata baada ya mahali hapo kusafishwa, waliikuta DDT katika udongo na maji. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unairuhusu DDT kwa kuua wadudu waenezao maradhi tu. Haumruhusu mtu kuiacha ioze ghalani.

Kwa wenye nyumba maelezo ni mafupi. Toeni vyakula, vyombo na wanyama kabla ya dawa kupigwa. Kaeni nje muda wa saa mbili, fungueni madirisha, kisha fagieni wadudu waliokufa na kuwatia chooni kabla kuku hawajaingia. Vyandarua vikongwe msivitie baharini kuvulia dagaa wala msivichome uani, kwani vina dawa.

Nitaje pia Makunduchi, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 punje za plastiki nyepesi zilimwagwa katika vyoo vya shimo vyenye maji. Zilielea juu, na mbu wa matende wakakosa pa kuzaliana, bila tone la sumu. Mbu wa malaria hazai chooni, hivyo dawa hiyo haimfai. Lakini madimbwi ya barabarani na mashimo ya kuchimbia mchanga yanaweza kufukiwa kwa majembe yetu wenyewe.

Kwa masheha ambao shehia zao zina kituo cha kupigia dawa: mnayo haki ya kufika jioni na kuuliza hesabu. Pakiti tupu zilizorejeshwa, zikijumlishwa na zile zisizofunguliwa, zilingane na zilizotolewa asubuhi. Zikipungua hata moja, Ofisi ya Afya ya Wilaya ijulishwe siku hiyo hiyo, kabla mabomba hayajatoka tena.