UPEPO KATIKA NJIA YA DIZELI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kimbiji)



Mmetutaka tunene habari za gari letu la dizeli, nasi twaitika kwa furaha, maana yaliyotupata yaweza kumpata kila mmoja wenu.

Gari hilo lilikuwa likiwaka asubuhi, likienda hatua chache, kisha likizimika. Siku moja tulikuwa tumempakia mama mgonjwa wa kupelekwa mjini. Tukapiga starta hata betri ikachoka, na mgonjwa akahamishiwa gari la jirani. Fundi mmoja akatuambia, “Pampu imekufa, nunueni nyingine.” Bei yake ilizidi mishahara yetu ya mwezi, nasi tulikaribia kukopa. Ndipo dereva mmoja mzee akatuuliza, “Je, mmetazama kama inavuta upepo?”

Mabwana, injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta. Pampu huyasukuma kwa nguvu nyingi katika hewa iliyobanwa hata ikawa moto, nayo huwaka yenyewe. Walakini upepo ukiingia katika mafuta, pampu hubana upepo tu, na nozeli hazitoi kitu.

Tena, katika magari yasiyo na pampu ndani ya tangi, mafuta huvutwa kutoka tangini. Kwa hiyo ufa katika njia hiyo huingiza upepo bila kudondosha hata tone wakati injini inapokwenda. Gari likilala, mafuta hurudi tangini, na asubuhi njia ni tupu.

Tuliutafuta ufa hivi. Kwanza tulitia kipande cha mpira mwangavu karibu na pampu, tukaona mapovu yakipita. Pili tulichovya mpira wa pampu katika debe la dizeli safi. Injini ikanguruma vizuri. Basi pampu ilikuwa nzima, na kosa lilikuwa nyuma yake. Tukasogeza debe kiungo kwa kiungo, hata tukafika penye chujio: klipu imeliwa na chumvi ya pwani, na mpira chini yake umepasuka.

Tukaweka mpira mpya wa dizeli na klipu mpya. Kisha tukalegeza skrubu ya chujio, tukapiga pampu ya mkono hata mafuta yakatoka bila povu, tukakaza. Gari likawaka, wala halikuzimika tena.

Twawaonya mambo mawili. Washa ya shaba iliyokwisha kutumika msiirudishe. Na mabomba ya kwenda kwenye nozeli msiyaguse injini ikiwaka, maana mafuta yake hupenya ngozi na kuleta jeraha baya.

Ndugu zetu, karani akipotewa na shilingi hanunui daftari jipya. Hupitia hati moja moja hata aione. Na tufanye vivyo hivyo kwa magari yetu, kabla ya kukubali deni.