Samaki Freshi au Aliyegandishwa: Uliza Kabla ya Kulipa

   Leo twende pamoja hadi supamaketi. Tupite rafu za unga na sabuni, tufike kule nyuma kwenye kaunta ya samaki.

Pale utamkuta ngege, au tilapia kama wengi tumwitavyo, amelazwa juu ya barafu. Kando yake kuna minofu ya mbuta. Ikiwa uko Mombasa, au katika supamaketi kubwa ya Nairobi, utaona pia changu, tafi na vipande vya nguru. Hatua chache kutoka hapo kuna friza, na ndani yake samaki wagumu kama mawe. Akina mama wengi hupita friza hiyo bila hata kuitupia jicho. Husema, "Hao ni wa zamani, mimi nataka freshi." Basi huenda kwenye kaunta, huonyesha kwa kidole, hulipa bei ya juu na kurudi nyumbani wakiamini kwamba wamewanunulia watoto kilicho bora.

Sasa nikuulize, mama. Una hakika gani kwamba yule aliye juu ya barafu hakutolewa katika friza jana usiku?

Sisemi kwamba ni ulaghai kila mara. Baadhi ya samaki tunaokula Kenya huja wakiwa wamegandishwa. Kuna ngege wa kufugwa wanaotoka China kwa makontena, na samaki wa baharini nao hugandishwa ili wasafiri mbali. Muuzaji huwayeyusha, akawapanga vizuri juu ya barafu, na mnunuzi akiona barafu na maji yanayometameta hudhani samaki amevuliwa alfajiri. Katika nchi za Muungano wa Ulaya, muuzaji hutakiwa kumweleza mnunuzi kwamba samaki huyu aligandishwa kisha akayeyushwa. Hapa kwetu, Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kwa namna ya kumpotosha mnunuzi kuhusu hali yake. Lakini sheria haitasimama nawe pale kaunta. Swali utauliza mwenyewe, tena kwa sauti: "Kaka, huyu samaki aliwahi kugandishwa?" Usione haya. Na ukiona kibandiko kimeandikwa kwa Kiingereza "thawed" au "defrosted", jua maana yake ni hiyo hiyo, kwamba ametolewa katika friza.

Huenda ukauliza, je, kugandishwa kunaharibu chakula? La. Samaki aliyegandishwa haraka angali freshi, na akakaa kwenye baridi kali bila kukatizwa, ana protini ile ile ya kujenga mwili wa mtoto, na mafuta yale yale mazuri kwa ubongo. Tena anaweza kuwa bora kuliko "freshi" aliyezunguka siku kadhaa, kutoka mtumbwini hadi ufuoni, kutoka ufuoni hadi kwenye lori, kutoka lori hadi sokoni, huku barafu ikipungua njiani. Katika joto letu, samaki asiye na barafu anaweza kuharibika kabla hata siku moja haijaisha.

Taabu huanza pale anapoyeyuka. Baridi ya friza haiui vijidudu vyote; wengi huwalaza usingizi tu. Samaki akiyeyuka wanaamka na kuanza kuzaana. Isitoshe, barafu iliyokuwa ndani ya nyama imeshaichanachana, hivyo maji maji yanavuja na nyama inalegea, na vijidudu hupata pa kujilisha. Kwa hiyo yule samaki aliye kaunta ni kama saa iliyokwisha kuanza kuhesabu, nawe hujui ilianza lini. Labda ni asubuhi ya leo. Labda ni juzi. Halafu wewe unamnunua, unamfikisha nyumbani na kumtia friza kwa mara ya pili.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni huu: ikiwa samaki amewahi kugandishwa, mnunue akiwa bado amegandishwa, umyeyushe mwenyewe siku ya kumpika. Wa kaunta mnunue tu ukiridhika kwamba ni freshi kweli, au ikiwa utampika siku hiyo hiyo.

Utamtambuaje aliye freshi? Anza na macho. Yawe yametuna, maangavu, na mboni nyeusi. Yakiwa yamezama, au yana ukungu kama maziwa yaliyomwagwa ndani ya maji, mwache. Kisha mwombe muuzaji amfunue mashavu, pale samaki anapopumulia. Ndani pawe pekundu au pa waridi, si kahawia wala kijivu. Mwombe ambonyeze kwa kidole: nyama iliyo freshi hurudi mahali pake, iliyochoka hubaki na shimo. Magamba yawe yameshikamana na ngozi ing'ae. Harufu ndiyo shahidi mkuu. Samaki mzuri hunuka ziwa au mwani, tena kwa mbali. Akikupiga shombo hata kabla hujainama, endelea na safari yako. Na ndimu na tangawizi havimfufui samaki aliyeharibika, hufunika shombo tu.

Minofu haina macho wala mashavu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Angalia sinia. Ikiwa minofu imeogelea katika maji meupe au yenye damu, na nyama inaachana vipande vipande hata kabla ya kuguswa, kuna uwezekano mkubwa kwamba iligandishwa ikayeyuka. Angalia barafu pia. Samaki awe amezikwa ndani ya barafu au amefunikwa nayo, si kulazwa juu juu huku tumbo likipigwa na joto la taa. Niseme bila kumwonea mtu: supamaketi kuwa na vigae vyeupe na muuzaji aliyevaa kofia hakumfanyi samaki wake awe freshi kuliko wa mama samaki wa mtaani anayeuza na kumaliza kila siku.

Haya, tuje kwenye friza. Chukua pakiti za chini, si zile zilizorundikwa juu kupita mstari uliochorwa ndani ya friza, kwa kuwa huko juu baridi haifiki vizuri. Pakiti iwe ngumu kabisa, haijatoboka wala kupasuka. Ukiona ndani mna vipande vingi vya barafu kama theluji, au minofu iliyokuwa mbali mbali imegandamana ikawa bonge moja, inaelekea samaki huyo aliyeyuka akagandishwa tena, pengine stima zilipopotea. Madoa meupe yaliyokauka ni ya baridi kuikausha nyama. Hayadhuru, ila ladha imepungua. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na usome uzito wa samaki bila barafu, maana samaki wengine huvikwa utando wa barafu ili wasikauke, nawe hutaki kulipia maji kwa bei ya mbuta. Kama friza ina kipimajoto, kinafaa kuonyesha nyuzi 18 chini ya sufuri au baridi zaidi ya hapo.

Hapa nataka tukae kidogo, hasa nyinyi mnaopenda samaki wa baharini. Jodari, nguru, vibua na dagaa wa baharini wana jambo lao. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, au baada ya kuyeyushwa, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Sumu hii haiondoki kwa kukaangwa, haiondoki kwa kuchemshwa, wala haiondoki kwa kurudishwa friza. Samaki anaweza kuonekana mzuri na kunukia vizuri mezani, na bado akawa nayo. Dalili huanza upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa chache: mdomo kuwaka kama umelamba pilipili, uso kupata moto, vipele na kuwashwa, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kutapika au kuhara. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu wa uso huenda usiuone, basi mguse mtoto na umuulize kama anasikia joto. Acheni kula mara moja. Dalili hizi hufanana sana na za mzio, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu ni samaki gani mliyekula na saa ngapi. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, usingojee kesho wala usijaribu dawa za jirani.

Sasa umelipa. Safari ya nyumbani ndiyo inayowashinda wengi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017, samaki wetu husafiri ndani ya mfuko wa kitambaa usiozuia maji. Matatu inakwama kwenye jamu, samaki anatiririka juu ya sukuma wiki na nyanya ambazo labda utazikatia kachumbari bila kuzipika. Beba chombo chenye kifuniko, hata ile ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia uliyoiosha vizuri. Samaki awe kitu cha mwisho kuchukua kabla ya kulipa. Maliza kwanza unga, sukari na maongezi na rafiki uliyekutana naye, ndipo uende kaunta. Ikiwa safari yako itapita saa moja, mwombe muuzaji akutilie barafu. Wengi hukupa bila malipo.

Ukifika nyumbani, samaki freshi akae ndani ya friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli lililofunikwa, na apikwe siku hiyo au kesho yake. Huna friji? Nunua wa mlo mmoja, mpike siku hiyo hiyo. Hakuna aibu kununua samaki mmoja.

Kumyeyusha aliyegandishwa, mtoe friza jioni umwache ndani ya friji hadi asubuhi. Ukiwa na haraka, mwache ndani ya pakiti yake iliyofungwa na isiyovuja, uitumbukize katika maji baridi, ubadilishe maji kila baada ya nusu saa. Nusu kilo huhitaji takriban saa moja, na ukishamyeyusha hivyo mpike papo hapo. Vipande vidogo unaweza kuvitia kwenye mchuzi unaochemka vikiwa bado vimeganda. Usimwache kwenye sinki kutwa nzima, usimwanike juani, usimmwagie maji moto. Nje huyeyuka haraka huku ndani kungali jiwe, na vijidudu vya nje hupata nafasi ya saa nyingi. Akishayeyuka nje ya friji, usimrudishe friza.

Stima zikipotea, usifungue friza kila mara kuchungulia. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban siku mbili, iliyojaa nusu kwa siku moja hivi. Friji ya kawaida ni saa nne tu.

Mpike hadi nyama igeuke kuwa nyeupe isiyopitisha mwanga, na iachane na mfupa kwa urahisi. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula samaki pamoja na vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Mpondee ndani ya viazi au ugali laini, na upitishe vidole vyako mwenyewe kwenye nyama kuondoa miiba kabla ya kumlisha. Macho peke yake hayatoshi, hasa kwa ngege. Mara ya kwanza mpe kidogo, umwangalie kama atatoka vipele. Mama mjamzito, kula samaki, ila epuka papa na nduwaro, maana samaki hao wakubwa hukusanya zebaki mwilini, nayo haimfai mtoto aliye tumboni.

Na ukishauziwa samaki aliyeoza? Hifadhi risiti, umrudishe siku hiyo hiyo. Wakikataa kukusikiliza, nenda ukamwone afisa wa afya ya umma katika kaunti yako. Ana mamlaka ya kukagua kaunta ile, na malalamiko yako ndiyo yatakayompa sababu ya kuanzia pale.

Katika kipindi kijacho tutazungumzia omena: namna ya kumchagua, kumwosha mchanga na kumpika hata mtoto asiyependa kula aombe nyongeza. Hadi wakati huo, kwaheri ya kuonana.