Dawa Iliyofichwa Juu ya Jani

Msikilizaji, lifikiche jani bichi la pakanga, ile artemisia inayolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria. Harufu kali inayobaki vidoleni imetoka kwenye vifuko vidogo mno vilivyotapakaa juu ya jani. Kila kifuko kina seli kumi tu, zimejipanga mistari miwili, na juu yake kuna ngozi nyembamba iliyotuna kama lengelenge. Humo ndimo mmea unamohifadhi artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria.

Kwa nini isikae ndani kabisa ya jani? Kwa sababu ni sumu hata kwa mmea wenyewe! Seli hutengeneza malighafi, huisukuma nje hadi chini ya ile ngozi, kisha mwanga na oksijeni humalizia kazi. Wavunaji hulenga siku za kukaribia kuchanua, dawa inapokuwa nyingi.

Tatizo la kuitoa dawa hiyo kwenye jani ni joto: likizidi, huiharibu. Mwaka 1971 mtafiti wa China, Tu Youyou, aliacha kuchemsha majani akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Hapo dawa ikapatikana, na mwaka 2015 akatunukiwa Nobel.

Na chai ya pakanga, je? Kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mmea na mmea, hivyo kikombe hakina kipimo. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kutibu wala kukinga malaria. Ukipata homa, nenda kituo cha afya ukapime kwanza.