Nani Amesoma Maagizo ya Mashine?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Viongozi wa vikundi, tafadhali angalieni kwamba kila mwanafunzi ana daftari na kalamu, maana leo tutaandika maneno mapya manne.

Leo tutakwenda mbali kidogo, mpaka nchi ya Uswisi, katikati ya Ulaya. Ni nchi ndogo isiyo na bahari. Ina milima mirefu yenye theluji, na watu wake ni kama milioni 9. Wana lugha 4 za taifa, yaani Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Nchi imegawanywa katika majimbo 26, na kila jimbo lina baraza lake na sheria zake.

Wengi wetu twaijua Uswisi kwa saa zake. Lakini jambo la leo si saa. Jambo la leo ni kura, na mashine inayopokea kura.

Watu wa Uswisi hupiga kura mara nyingi kuliko watu wa nchi nyingi. Hawachagui wajumbe tu. Kama mara 4 kwa mwaka huulizwa juu ya mambo yenyewe: Je, sheria hii mwaitaka au hamwitaki? Bunge likitunga sheria, na wananchi 50,000 wakitia sahihi kuipinga katika muda wa siku 100, basi sheria hiyo yaletwa mbele ya watu wote, nao husema ndiyo au hapana. Hiyo huitwa kura ya maoni. Andikeni neno la kwanza: KURA YA MAONI.

Yafaa tuseme pia kwamba haki hiyo haikuwa ya wote tangu mwanzo. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa mwaka 1971 tu. Katika jimbo moja, Appenzell Innerrhoden, walingoja mpaka mwaka 1990, na ilikuwa mahakama kuu iliyoamua. Kwa hiyo msidhani kwamba mambo ya huko yalinyooka yenyewe. Watu walidai, na walingoja sana.

Sasa, kura hupigwaje? Katika majimbo mawili, Glarus na Appenzell Innerrhoden, mpaka leo wananchi hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka, chini ya mbingu, nao huinua mikono juu ya mambo ya jimbo lao. Kila mtu huona. Lakini jirani yako naye hukuona wewe, na kura yako si siri.

Kwingine kura huandikwa kwenye karatasi, na watu walio wengi huituma kwa posta. Karatasi ina siri, tena inaweza kuhesabiwa mbele ya macho ya watu. Mkibishana, mwaweza kuzimwaga mezani na kuzihesabu tena. Mtu yeyote ajuaye kusoma neno "ndiyo" na neno "hapana", na ajuaye kuhesabu, anaweza kuwa mkaguzi. Andikeni neno la pili: MKAGUZI. Mkaguzi ni mtu atazamaye kazi ya mwingine kusudi ajue kama ni ya kweli.

Kiongozi wa kikundi, simamisha hapa kidogo. Uliza darasa: Kati ya mikono na karatasi, ipi ni afadhali, na kwa nini?

Haya, tuendelee.

Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, Uswisi ilianza kujaribu njia ya tatu, yaani kupiga kura kwa kompyuta. Mtu hukaa nyumbani kwake, hufungua kompyuta, hujibu maswali, na kura yake huenda kwa njia ya intaneti. Waliopenda jambo hili walikuwa na sababu nzuri. Waswisi wengi huishi nchi za nje, na barua zao za kura mara nyingine huchelewa. Tena yuko kipofu, ambaye hawezi kutia alama karatasini bila kumwambia mtu mwingine siri yake. Kwa watu hao kompyuta ni msaada wa kweli, nasi tusiwadharau.

Lakini kompyuta hufanya kazi kwa kufuata maagizo. Maagizo hayo huandikwa na watu, mstari baada ya mstari, na yakikusanywa pamoja huitwa programu. Andikeni neno la tatu: PROGRAMU. Mashine haijui haki wala dhuluma. Hufanya lililoandikwa. Kama limeandikwa vibaya, hufanya vibaya, tena upesi sana, na bila kuona haya.

Basi hapo ndipo swali lilipotokea. Mashine ikisema, "Ndiyo 600, hapana 400," nani amesoma maagizo yake? Ukichungulia ndani ya mashine huoni karatasi. Huoni kitu cha kumwaga mezani.

Mwaka 2019 mambo yalifika mahali pake. Posta ya Uswisi ilikuwa na programu mpya ya kura. Sheria ilitaka maagizo ya programu hiyo yaonyeshwe kwa watu, nayo yakatolewa mwezi wa Februari. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakaanza kuyasoma. Haikupita muda, na mwezi wa Machi watatu kati yao, Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague, walitangaza kwamba wameona kosa kubwa. Kosa la namna hii katika mashine au programu huitwa hitilafu. Andikeni neno la nne: HITILAFU.

Nitajaribu kueleza hitilafu hiyo kwa mfano. Tuseme sanduku lina karatasi 100 za kura, na kila bahasha ina jina la mwenyewe. Ili kutunza siri, lazima karatasi zitengwe na majina, kisha zichanganywe vizuri. Lakini huyo anayechanganya anaweza kuficha karatasi 10 na kutia 10 nyingine. Kwa hiyo anatakiwa aonyeshe uthibitisho kwamba zilizotoka ni zile zile zilizoingia. Programu nayo ilitakiwa kutoa uthibitisho wa namna hiyo kwa njia ya hesabu. Wale wasomaji watatu waligundua kwamba mtu aliye ndani, mwenye kuiendesha mashine, angeweza kubadili kura na bado akatoa uthibitisho unaoonekana sawa. Mkaguzi angetazama, angeridhika, na angekwenda zake. Kumbe ameibiwa.

Programu hiyo mpya ilikuwa bado haijatumika katika kura yenyewe. Lakini kabla mwezi haujaisha, wataalamu wale wale wakaona hitilafu nyingine, na hii ilikuwamo pia katika programu ya zamani iliyokwisha kutumika katika majimbo 4. Haikuonekana dalili kwamba kura yoyote ilikuwa imeharibiwa. Hata hivyo, Posta ilisema programu hiyo haitatumika katika kura ya mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni serikali ikaamua kwamba kura ya kompyuta isifanywe bado kuwa njia ya kawaida. Mwezi wa Julai Posta ikaiondoa kabisa programu ya zamani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wako watu waliosema, "Mwaona! Wameonyesha maagizo yao, wakaaibika. Afadhali wangeficha." Je, neno hilo ni kweli? Hitilafu ilikuwamo kabla ya kusomwa. Kuificha kusingeiondoa. Mgonjwa akikataa kupimwa, ugonjwa haukimbii kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba ingebaki mle ndani, na wa kwanza kuiona angeweza kuwa mwizi.

Tena, waliopiga kelele juu ya mashine hiyo hawakuwa watu wanaoogopa mambo mapya. Wengi wao walikuwa wapenzi wa kompyuta, wanaoziandikia maagizo kila siku. Wanazipenda, na kwa sababu wanazijua hawataki kuziamini kwa macho yaliyofumbwa. Seremala mwema hapandi ngazi aliyotengeneza mwingine bila kuitikisa kwanza.

Uswisi ilikuwa na mwalimu mkubwa wa mambo haya, Niklaus Wirth, aliyezaliwa mjini Winterthur mwaka 1934 na kufariki tarehe 1 Januari 2024. Alifundisha katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich. Mwaka 1970 alitoa lugha ya kuandikia programu iitwayo Pascal, aliyoitunga kusudi wanafunzi wajifunze kuandika maagizo kwa utaratibu. Mwaka 1995 aliandika makala ya kulalamika kwamba programu zinanenepa bila sababu. Yeye alitaka programu iwe ndogo na rahisi kueleweka. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Daftari la duka likiwa na kurasa 20, mwenye duka hulikagua jioni moja. Likiwa na kurasa 20,000 zilizoandikwa ovyo ovyo, hata likiwekwa wazi mezani, nani atalisoma?

Basi Waswisi walifanya nini baadaye? Hawakuitupa kompyuta, wala hawakurudi kuiamini hivi hivi. Posta ilitengeneza programu yake upya, ikaonyesha maagizo yake, na ikaahidi zawadi ya fedha kwa mtu atakayeona hitilafu. Mwezi wa Juni 2023 majaribio yalianza tena katika majimbo matatu, Basel-Stadt, St. Gallen na Thurgau. Tena iliwekwa mipaka: katika jimbo wasizidi asilimia 30 ya wapiga kura, na katika nchi nzima wasizidi asilimia 10. Ikitokea hatari, isiwaangukie wote.

Na mpiga kura mwenyewe hupewa kazi. Kabla ya siku ya kura hupokea barua ya karatasi kwa posta, yenye namba za siri. Akisha kujibu maswali kwenye kompyuta, mashine humwonyesha namba kwa kila jibu. Yeye hutazama namba za kwenye mashine na namba za kwenye karatasi yake. Zikiwa sawa, huthibitisha kura yake. Zikiwa mbalimbali, huacha na kutoa taarifa. Mnaona wenyewe: ulinzi huu wategemea mtu wa kawaida, nyumbani kwake, asomaye namba bila haraka na kuzilinganisha.

Mwaka huo huo wa 2023 Bunge la Uswisi lilipitisha sheria nyingine, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Sheria hiyo yasema kwamba ofisi za serikali kuu zikiandika programu, au zikiandikiwa programu kwa kazi zao, lazima maagizo yake yawekwe wazi kwa watu, isipokuwa kama haki za watu wengine au sababu za usalama zinazuia.

Liko jambo moja la mwisho. Serikali ilitaka wananchi wawe na kitambulisho cha kompyuta, kusudi mtu aweze kujitambulisha kwenye intaneti. Sheria ya kwanza ilisema makampuni ya watu binafsi yaweze kuvitoa vitambulisho hivyo. Wananchi wakatia sahihi kupinga, na tarehe 7 Machi 2021 watu 64 katika kila 100 waliopiga kura walisema hapana. Serikali ikaandika sheria nyingine: kitambulisho kitolewe na serikali yenyewe, kisiwe na malipo, na asiyekitaka asilazimishwe. Tarehe 28 Septemba 2025 sheria hiyo ilipita, lakini kwa asilimia 50.4 tu. Karibu nusu ya wapiga kura walikuwa bado na mashaka. Nami sisemi nusu ipi ilikuwa na haki. Nasema waliulizwa, wakajibu, na jibu lao la kwanza likabadili sheria.

Najua mmoja wenu atauliza: "Mwalimu, mimi ndiyo kwanza najifunza kusoma. Maagizo ya kompyuta nitayasomaje?" Ni swali la haki. Hata Uswisi wengi hawawezi kuyasoma. Lakini si lazima kila mtu ayasome. Lazima yawe mahali ambapo yeyote awezaye kuyasoma hazuiliwi, na akiona kosa anaweza kulisema bila hofu. Wewe huwezi kupima dawa, lakini waweza kuuliza nani ameipima. Na yale ya sehemu yako, yaani namba zako, jina lako, risiti yako, hayo usimwachie mtu mwingine akusomee. Anayekusomea siku zote ndiye atakayeamua nini kimeandikwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini karatasi ya kura ni rahisi kukaguliwa kuliko mashine?

2. Je, Posta ya Uswisi ilifanya vema kuonyesha maagizo yake, ingawa iliaibika?

3. Ni karatasi gani ulizotia sahihi au dole gumba mwaka huu bila kuzisoma? Ungeweza kufanya nini?

Someni tena yale maneno manne kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake: kura ya maoni, mkaguzi, programu, hitilafu. Kisha kila mtu aandike sentensi moja yenye neno mkaguzi.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.